Binti aliyeuliza mapato na matumizi

*Mimi ni mwalimu wa Uraia, mwaka wa tatu kazini, shule ya kata nje kidogo ya Mpanda. Nilipofika kwenye mada ya ushiriki wa wananchi katika demokrasia niliona wanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu wanakariri tu. Nikawapa kazi: kila mmoja ahudhurie mkutano wa kijiji chake, asikilize, aandike alichokiona. Binti mmoja wa miaka 16 hakuishia kusikiliza. Alinyoosha mkono akauliza mbona mapato na matumizi ya mchango wa maabara hayajasomwa. Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti akakasirika, akasema shule yetu inafundisha watoto siasa. Kesho yake baba wa binti aliitwa ofisi ya kijiji akaonywa. Mkuu wangu wa shule naye ameniita, akaniambia nifundishe kilichomo kwenye silabasi na niachane na mikutano ya watu. Binti hanyooshi mkono tena darasani. Wiki iliyopita mwanafunzi mwingine aliniuliza mbele ya wenzake: "Mwalimu, kumbe ushiriki ni wa kwenye mtihani tu?" Sikuwa na jibu. Tangu uchaguzi wa Oktoba maswali ya namna hiyo yamezidi, na mimi naogopa. Je, nirudi kwenye kitabu? Au niombe uhamisho?*

*Mwalimu mwenye wasiwasi, Katavi*

Mwalimu mwenzangu, barua yako ndefu nimeisoma yote, na hapo juu tumechapisha sehemu yake tu. Umeandika mengi juu ya woga wako na machache sana juu ya binti. Kwa hiyo tuanze na yeye.

Nenda kwao. Usimpigie baba yake simu wala usimtumie mwanafunzi na kibarua. Nenda mwenyewe, jioni, mzee akiwa ametoka shamba, ukae unapokaribishwa na usianze na habari za Katiba. Mzee wa watu ameitwa ofisini kama mkosaji kwa jambo ambalo hakulifanya, na kijijini habari ya namna hiyo hufika kisimani kabla hujafika nyumbani. Mwambie, binti akiwa anasikia, kwamba kazi ile uliitoa wewe, kwamba mwanawe alitumwa na mwalimu wake, na kwamba swali aliloliuliza lilikuwa la heshima na la haki. Kisha muulize mzee yeye alichangia shilingi ngapi na kama ana risiti. Sitashangaa ukigundua kwamba swali lile lilianzia kwake, mezani au shambani, na binti alilibeba tu hadi mkutanoni. Watoto hawazui maswali ya mapato na matumizi. Wanayasikia nyumbani, yakisemwa kwa sauti ya chini.

Hilo likishafanyika, ndipo tuzungumze sheria, maana utaulizwa.

Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Namba 7 ya mwaka 1982, inasema mkutano mkuu wa kijiji ni wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Mkutano huo ndio wenye kauli kuu katika mambo ya kijiji. Ndio unaochagua halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe kati ya 15 na 25, na ndio unaoweza kuwaondoa. Unapaswa kukaa kila baada ya miezi mitatu, na kusomewa mapato na matumizi ni jambo la kawaida kabisa katika ajenda zake. Kwa hiyo binti wa miaka 16 si mjumbe. Mwenyekiti angeweza kumwambia kwa upole, "Mwanangu, muombe baba yako alisimamie hilo." Angekuwa sahihi. Lakini kumuonya mzazi ofisini kwa sababu mtoto ameuliza jambo ambalo taarifa yake ilipaswa kusomwa bila kuulizwa, hilo halina sheria nyuma yake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 11, inampa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa katika mambo yanayogusa ustawi wake. Maabara ya shule anayosoma inamgusa kuliko inavyomgusa mwenyekiti.

Sasa nikuambie na wewe. Uliwapeleka vijana wa watu kwenye mkutano wa wakubwa bila barua, bila taarifa kwa mtendaji, bila kuwaeleza nani ana haki ya kusema na nani ni msikilizaji. Ujasiri uliwapa. Utaratibu hukuwapa. Kwenye vijiji vyetu ujasiri usio na utaratibu huitwa utovu wa adabu, na mtu asiyetaka kujibu swali hufurahi sana akipata kosa la adabu la kujifichia.

Umelalamika kwamba kijiji kimeona siasa pahali ambapo hapakuwa na siasa. Fikiri viongozi hao wamezoea nini. Kuanzia 2016 mpaka Januari 2023 vyama vya siasa vilizuiwa kufanya mikutano ya hadhara. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2019 vyama kadhaa vya upinzani, CHADEMA kikiwamo, vilijitoa, na vijiji vingi nchini vikapata wenyeviti bila karatasi ya kura kuguswa. Wanafunzi wako walikuwa shule ya msingi miaka hiyo. Wamekua hawajaona mtu mzima akisimama kumuuliza kiongozi swali na kujibiwa. Uchaguzi wa 27 Novemba 2024 umeleta wenyeviti wapya na kurudisha wa zamani, lakini mazoea ya kuulizwa hayaji kwa siku moja ya kura. Mwenyekiti wako huenda si mtu mbaya. Huenda ni mtu ambaye hajawahi kuulizwa.

Ndiyo maana nasema umrudie. Andika barua kupitia kwa mkuu wa shule kwenda kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji, umwalike yeye na mwenyekiti waje darasani kipindi kimoja kueleza kazi zao. Hapo utafundisha jambo ambalo wanafunzi wengi, na wazazi wao, hawalijui: mtendaji ni mwajiriwa wa halmashauri, mwenyekiti ni mchaguliwa wa wanakijiji. Mmoja anaweza kuhamishwa na mwajiri wake, mwingine anaweza kuondolewa na waliomchagua. Ukitaka kujua nani anatunza daftari la mapato, unamfuata wa kwanza. Ukitaka kujua nani anaitisha kikao na kukiongoza, unamfuata wa pili. Wape wageni chai. Wanafunzi waandae maswali wiki moja kabla, uyasome, na nakala iwafikie wageni mapema. Mtu aliyeletewa swali siku saba kabla, akaja na daftari lake, akapigiwa makofi kwa kulijibu, hawezi tena kusema shule inachochea. Ameshakuwa sehemu ya somo.

Mkuu wako wa shule anasema ufuate silabasi. Mkubalie. Silabasi inataka mwanafunzi aelewe namna mwananchi anavyoshiriki, na ushiriki wa karibu kabisa uko ndani ya uzio wa shule yake. Nianze na viranja. Katika shule nyingi nilizozifahamu, majina hupendekezwa na walimu, wanafunzi "wanapiga kura", kisha walimu wanakaa ofisini na kumpanga kaka mkuu wanayemtaka. Mtoto akiona hivyo miaka minne mfululizo amesoma uraia kamili, ila wa kinyume. Mwombe mkuu jambo moja tu: sifa za wagombea zitangazwe mapema, walimu wachuje kabla ya kura wakitaka, lakini kura zikishahesabiwa hadharani mstarini, zisiguswe. Hata akishinda yule mtundu wa Kidato cha Pili. Hasa akishinda yeye.

La pili ni chakula. Tangu 2016 ada imefutwa, lakini mahindi na maharage ya shule yanatoka kwa wazazi, na kila mwanafunzi wako anajua nyumbani kwao walitoa debe ngapi. Wachache wanajua kiasi hicho kiliamuliwa kwenye kikao kipi, nani walikuwapo, na kama wajane na wasio na shamba walipata nafasi ya kusema. Wape kazi hiyo badala ya mkutano wa kijiji. Wawahoji wazazi wao. Waombe, kwa barua, muhtasari wa kikao cha wazazi. Wahesabu: wanafunzi wangapi, debe ngapi, siku ngapi za chakula. Pale hesabu isipofungana, waandike swali moja, lenye adabu, kwa bodi ya shule. Kisha, na hapa ndipo walimu wengi huchoka, wafuatilie jibu. Jibu lisipokuja baada ya mwezi waandike tena. Mimi ningempa alama nyingi zaidi mwanafunzi aliyeandika barua ya pili kuliko aliyetaja aina tano za demokrasia bila kukosea. Kuuliza mara moja kila mtu anaweza. Kinachotupungukia Watanzania ni kurudi.

Kuna kanuni moja nakuomba uishike: usiwaombe wanafunzi maoni juu ya jambo ambalo limeshaamuliwa. Wanagundua upesi, na wakigundua umewapotezea somo la mwaka mzima.

Wanaposema "kushiriki" wengi watakutajia kubeba mawe na kufyatua matofali, na hawajakosea. Shule nyingi za kata nchini zilijengwa hivyo kuanzia Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) wa mwaka 2004, kwa nguvu za wananchi kwanza na fedha za Serikali baadaye. Wanafunzi wako wanaweza kuwauliza mama zao nani alibeba maji ya kuchanganyia saruji. Lakini waulize pia: waliobeba maji ndio walioamua shule ijengwe wapi? Aliyetoa jasho bila kuulizwa neno ametumika tu.

Mfano mzuri wa jasho na neno vikikutana mnao karibu, tena mkoani mwenu, na nakushangaa hukuutaja. Katika Wilaya ya Tanganyika kuna vijiji vinane vinavyotunza misitu ya milima ya Ntakata na kuuza hewa ukaa kupitia kampuni ya Carbon Tanzania. Mwese, Katuma na Lugonesi ni miongoni mwao. Mabilioni ya shilingi yameingia katika mfumo wa vijiji hivyo, na matumizi yanapangwa na kuridhiwa kwenye mikutano mikuu ya vijiji. Yamejengwa madarasa, zahanati, wananchi wamekatiwa bima ya afya. Darasani usiishie kusifu. Waambie wanafunzi wajifanye mkutano mkuu wa kijiji chenye fedha hizo. Kundi moja lina ng'ombe na linataka njia ya malisho, na hapo Katavi hutahitaji kueleza mgogoro wa wafugaji na wakulima ukoje. Kundi lingine ni la akina mama wanaojifungulia mbali. Lingine ni la vijana wanaotaka shamba jipya ndani ya msitu, yaani wanataka kukata kile kinacholeta fedha. Waamue. Utaona mwenyewe jinsi walio wengi wanavyoweza kuwameza wachache ndani ya dakika 40 kwa kura halali kabisa.

Hapo wafikishe kwenye Tume ya Jaji Francis Nyalali. Mwaka 1991 tume ile iliwauliza Watanzania kama wabaki na chama kimoja au waingie vyama vingi. Takriban wanane kati ya kumi walisema kibaki kimoja. Tume ikapendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 nchi ikaingia huko. Je, wananchi walisikilizwa au hawakusikilizwa? Wagawanye wabishane, na usitoe jibu kengele ikilia. Sijawahi kupata swali bora la kumfanya kijana wa miaka 16 aone kwamba kuhesabu vichwa ni sehemu tu ya jambo hili.

Nina mfano mwingine, ambao ningeufundisha Katavi kabla ya pengine popote. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa 2015 na 2016 uliukuta mkoa wenu ukiongoza nchi kwa mimba za utotoni: karibu wasichana 45 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au ni wajawazito. Mwaka huo huo wa 2016 mwanasheria kijana, Rebeca Gyumi, alikwenda Mahakama Kuu kupinga vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, na hata 14 kwa kibali cha mahakama. Alishinda. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikasema Gyumi yuko sahihi. Hakuwa mbunge, hakuwa diwani, hakuitisha maandamano. Alisoma sheria, akaipeleka mahali panapopokea malalamiko ya sheria, akasubiri miaka mitatu. Wasichana wako wanamjua mwenzao aliyeacha shule. Hawajui kwamba kesi hiyo iliwahusu.

Ukiwa na wanafunzi wenye asili ya Katumba au Mishamo, una hazina nyingine, ila ishike kwa uangalifu. Warundi waliokimbia mwaka 1972 waliishi katika makazi yaliyoongozwa na mkuu wa makazi wa Wizara ya Mambo ya Ndani, na kutoka nje yake kulihitaji kibali. Mwaka 2014 wakimbizi hao na vizazi vyao, wapatao 162,000 ukijumlisha na wa Ulyankulu, walipewa uraia wa Tanzania, na uchaguzi wa 2015 ukawa wa kwanza kwao. Kuna bibi Katumba aliyepiga kura kwa mara ya kwanza akiwa na mvi. Maelezo yake juu ya siku ile yanaweza kumfundisha mtoto maana ya uraia kuliko sura nzima ya kitabu. Lakini usimnyooshee mwanafunzi kidole kwamba "wewe ni wa Katumba, tueleze." Tangaza kazi kwa wote ya kumhoji mzee juu ya kura yake ya kwanza, na anayetaka kuleta habari ya bibi yake ataileta.

Nakuja kwenye Oktoba, ambayo uliigusa kwa neno moja ukaiacha.

Usiwadanganye. Vijana wa miaka 16 wana simu, na hata wasio nazo wana kaka zao. Walioona mambo na kusikia mambo ukiwaambia hayakuwapo, wataacha kukuamini hata kwenye yale unayoyajua. Yaliyo wazi ni haya: tarehe 29 Oktoba 2025 nchi ilipiga kura, CHADEMA hakikuwa na mgombea, mwenyekiti wake Tundu Lissu alikuwa mahabusu kwa kesi ya uhaini, vurugu zilizuka Dar es Salaam na miji mingine, intaneti ikazimwa, watu wakapoteza maisha, Rais Samia Suluhu Hassan akatangazwa mshindi kwa karibu asilimia 98, na Novemba ikaundwa tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Hayo ni mambo ya kumbukumbu na mwalimu anaweza kuyasema bila kupandisha sauti. Usiongeze la kwako. Usiseme chama unachokipenda wala unachokichukia, maana kiapo chako cha utumishi hakikuruhusu na wanafunzi hawakuja kwa ajili hiyo. Mwanafunzi akileta habari ya video aliyoiona, muulize nani aliirekodi, wapi, lini, na nani mwingine amethibitisha. Utakuwa umemfundisha kazi ya raia hata kama hamkumaliza mjadala.

Akikuuliza kama kura ina maana, usimpe hotuba. Mpe historia ya mji wake. Mwaka 2005, CCM ikiwa na nguvu kubwa, CHADEMA kilipata majimbo matano tu nchi nzima, na moja lilikuwa la Mpanda: Said Arfi alichaguliwa, akachaguliwa tena 2010. Mwaka 2015 Mpanda Mjini ikamchagua Sebastian Kapufi wa CCM. Wapiga kura walewale wa mji mmoja walimpeleka Bungeni mtu wa upinzani kwa vipindi viwili, kisha wakabadili mawazo. Muache apime mwenyewe yaliyotokea hapo na yaliyotokea baadaye. Ana haki ya kuondoka darasani akiwa na mashaka. Mwenye mashaka bado anataka kujua.

Kuhusu mtihani sina mengi. Waandikie maana na hoja kwa Kiingereza kama mtihani unavyotaka, kisha mjadala uende kwa Kiswahili. Aliyehesabu debe za mahindi na kuandika barua ya pili kwa bodi hatakosa mifano ya kuandika.

Na kuhusu uhamisho: usiombe. Ukiondoka sasa, kijiji kitasema mwalimu alifukuzwa kwa kufundisha siasa, binti atabaki peke yake na swali lake, na atakayekuja baada yako ataambiwa siku ya kwanza asome kitabu na aketi. Nenda kwa baba yake kabla ya wiki hii kwisha. Mpelekee mkuu wa shule rasimu ya barua ya mtendaji, muombe asahihishe kwa mkono wake ili iwe yake pia. Na mkutano mkuu ujao wa kijiji nenda wewe mwenyewe kama mkazi, maana una miaka zaidi ya 18. Mapato na matumizi yasiposomwa, nyoosha mkono.